Mnato wa damu katika maji ya Antaktika

Tangu nisome habari za samaki wa Antaktika, swali moja limenikaa kichwani: ikiwa baridi huifanya damu kuwa nzito, moyo mdogo wa samaki huisukumaje katika maji yenye nyuzi 1.9 chini ya sifuri?

Mnato wa damu, yaani uzito wake unapotiririka, huongezeka kadiri joto linavyopungua, kama asali iliyokaa mahali pa baridi. Wingi wa chembe nyekundu nao huuongeza mnato huo, kwa kuwa chembe husuguana na kubanana ndani ya mishipa myembamba. Ndiyo maana samaki wengi wa huko wenye damu nyekundu wana chembe chache, na baadhi yao huziweka katika wengu wanapotulia, kisha huziachia wanapohitaji nguvu.

Samaki wa barafu, jamii nyingine ya samaki wa huko, wamekwenda mbali zaidi, kwani hawana kabisa himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu. Wavuvi wa nyangumi kutoka Norwei walikuwa wakisimulia habari za samaki wasio na damu, na mwaka 1954 mwanasayansi Johan Ruud, Mnorwei mwenzao, alichapisha vipimo vilivyothibitisha kwamba damu ipo, ila haina rangi. Oksijeni husafiri ikiwa imeyeyuka tu katika utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu, kiasi cha takriban sehemu moja ya kumi ya ile inayobebwa na damu nyekundu.

Husemwa mara nyingi kwamba walipoteza himoglobini ili damu iwe nyepesi. Maelezo hayo hayaniridhishi, kwa sababu damu inayobeba oksijeni kidogo humlazimu samaki kuzungusha damu nyingi zaidi, na kwa kweli moyo wake ni mkubwa, damu yake ni nyingi mara mbili hadi nne kuliko ya samaki wengine, na mishipa yake ni mipana. Nadhani upana huo ndio unaomwokoa: kipenyo cha mshipa kikiongezeka maradufu, ukinzani wake dhidi ya mtiririko wa damu hupungua mara 16, hivyo damu nyingi hupita kwa shinikizo dogo.

Kinachonitia wasiwasi ni bahari kupata joto. Mnato utapungua, na hilo laweza kuonekana nafuu, lakini oksijeni iliyoyeyuka majini nayo itapungua wakati uleule mwili unapoihitaji zaidi, ilhali moyo unaosukuma damu nyingi kiasi hicho hata samaki akiwa ametulia hauna akiba kubwa ya kuongeza.