Michirizi imehama

Leo wamenifungua bandeji.

Miaka 2 iliyopita saratani iliondoka na titi langu la kushoto. Nikazoea kujaza kitambaa kwenye sidiria na kuomba Mungu kisichomoke kwenye daladala za Mbagala (mnajua kule kubanana).

Wiki iliyopita madaktari wakachukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, wakayapandisha kifuani kunitengenezea titi jipya, wakaunga mishipa ya damu kwa msaada wa hadubini. Usiku ule nesi alinigusa kila saa: bado lina joto? Rangi ipoje?

Basi leo kanishikia kioo.

Nikaona michirizi.

Ile ile ya mimba ya Kulwa na Doto, niliyokuwa naificha kwa khanga hata mbele ya baba yao. Sasa iko kifuani, imetulia kama mwenyeji.

Nikacheka mpaka mshono wa tumbo ukavuta.

Mama alikuwa nje na chupa ya uji. "Limekaa?"

"Limekaa, mama. Na wajukuu zako wamo."

Nikiligusa bado sihisi kitu, ila kiganja kinapata joto lake.

Shoga zangu mliopitia haya, ganzi yenu ilianza kupungua lini? Na mlikuwa mnalalaje?