Nilivyotengeneza vyuma vya kushikia kiti cha mtoto kwenye siti ya nyuma

Magari mengi ya Kijapani yanayoshuka bandari ya Dar es Salaam yana vyuma viwili kila upande vilivyojificha kwenye siti ya nyuma, pale mgongo wa siti unapokutana na sehemu ya kukalia. Ni nondo nyembamba za milimita 6, zimekunjwa kama herufi U, na kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 280. Jina lake ni ISOFIX. Vipimo hivyo viliwekwa kwenye kiwango cha kimataifa mwaka 1999, na Japan ikavifanya vya lazima kwa magari mapya kuanzia 2012. Huku kwetu unaweza kumiliki gari miaka mitano ukaliuza bila kujua kwamba vipo, kwa sababu vimezibwa na kava.

Letu lilikuwa hivyo hivyo. Mwenye gari wa kwanza hapa mjini alishonesha kava za ngozi bandia, nzuri kweli, nyeusi na uzi mwekundu, na aliyeshona akapitisha ngozi juu ya vyuma kana kwamba havipo. Nilianza kuvitafuta wifi yangu anayeishi Uingereza alipotuletea kiti cha mtoto ambacho mwanawe alishakizidi urefu. Kiti kina mikono miwili ya kudaka vile vyuma, na kila mkono una kidirisha cha rangi: kijani umeshika, nyekundu haujashika.

Niseme kidogo kuhusu kiti chenyewe, maana viti vya mtumba vimejaa mjini. Kabla ya kukishukuru nilimuuliza wifi kama kimewahi kuwa ndani ya gari lililogongwa. Hakijawahi. Nikageuza chini nikatafuta ile lebo ya rangi ya chungwa yenye maandishi ECE R44/04, yaani kiti kimepitishwa kwa kanuni ya usalama ya Umoja wa Mataifa, nikasoma tarehe iliyopigwa kwenye plastiki, nikakagua mikanda yake kama imechanika. Kiti usichojua kilikotoka, hata kiwe kizuri namna gani, sikichukui. Plastiki iliyopata ajali inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho.

Baba Neema alipasua ngozi kwa wembe, kidogo tu, tukasukuma kiti ndani. Mkono wa kulia ukalia "tak", kijani. Wa kushoto ukakataa. Nikaingiza vidole kwenye ule uwazi nikashika chuma, kikacheza. Kinakwenda juu na chini, na kimelalia ndani.

Hapo ndipo nilipompigia fundi.

Siti ya kukalia ya nyuma kwenye gari kama letu haina bolti. Unashika ukingo wake wa mbele, karibu na kibanio kinachoishikilia siti, unanyanyua kwa nguvu upande mmoja, kisha wa pili, halafu unaivuta kuja mbele. Mgongo ndio una bolti, spana namba 14, na juu umening'inia kwenye ndoano. Lakini kabla hajagusa mgongo, nilimtaka fundi atoe waya wa hasi kwenye betri, kisha asubiri. Mgongo wa siti yetu una mfuko wa hewa (airbag) ubavuni, na soketi zake ni za njano. Kitabu cha gari kinasema usubiri sekunde 90 angalau, ili umeme uliobaki kwenye mfumo uishe, mfuko usije ukafumuka. Fundi alisubiri huku ananitazama kama mtu anayemvumilia mteja msumbufu. Sikujali.

Chini ya siti tulikuta mchanga, sarafu, penseli, na chanzo cha tatizo. Chuma cha ISOFIX hakikushikwa na siti. Kimeunganishwa kwenye kipande cha bati nene, na lile bati limefungwa kwenye bodi ya gari kwa bolti. Upande wa kushoto bolti moja haikuwepo. Ya pili ilikuwepo lakini si yake: imeingizwa kwa kulazimishwa, imekaa upande, meno yameliwa. Bila shaka mtu aliyetoa siti kwa ajili ya kava alifungua na vyuma pia, kisha akarudishia alichokiona karibu. Lile bati nene nalo lilikuwa limepinda, labda kwa sababu mtu alilikanyaga au aliegemeza kitu.

"Hii mbona ndogo, mama," fundi akasema. "Tunainyoosha, tunapiga welding, haitoki tena milele."

"Fundi, chini ya hapo kuna nini?"

Akagonga bati la sakafu kwa kifundo cha kidole. Sentimita chache kutoka pale palikuwa na kifuniko cha pampu ya mafuta. Kwenye gari hili, kama yalivyo mengi madogo, tangi la petroli limekaa chini kabisa ya siti ya nyuma. Akacheka, akasema basi tutashusha tangi kwanza. Nikamwambia hata tukishusha, hapana.

Sababu ya pili ni nzito kuliko ya tangi. Piga hesabu. Mtoto wa kilo 13 na kiti cha kilo 9 ni kilo 22. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, likasimama ghafla ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, zile kilo 22 zinavuta kwenda mbele kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 300. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka vyuma hivi vivutwe kwenye majaribio kwa nguvu ya kilonyutoni 8, ambayo ni kama kuning'iniza kilo 800. Kiwanda kilichagua chuma na bati vya kuhimili hivyo. Ukikipasha moto wa kuchomelea, chuma kinabadilika nguvu pembeni ya pale ulipochoma, na hakuna gereji ya mtaani yenye mashine ya kukivuta kwa kilonyutoni 8 ili tujue kimebaki na nguvu gani. Kukinyoosha kwa nyundo ni hivyo hivyo: kilichopinda kikanyooshwa kimeshachoka pale pale kilipopindia. Mlango uliopinda unyooshe upendavyo. Hiki kinabadilishwa.

Fundi, nampa haki yake, alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Tangu hapo akawa upande wangu, tena akawa mkali kunishinda.

Niongeze kwamba kwenye baadhi ya magari vyuma hivi havina bolti kabisa, vimechomelewa kiwandani moja kwa moja kwenye bodi. Kama chako ni hivyo na kimelegea, hiyo si kazi ya spana tena. Kiache, utumie mkanda, na hilo nitalieleza.

Kupata kipuri kulichukua muda. Nilianza Kariakoo, Gerezani, kwenye maduka ya spea, na kila muuzaji alikuwa ananiletea kibanio cha mkanda. Hawajazoea kuulizwa kitu hiki. Kilichonisaidia ni namba ya chesisi. Muuzaji mmoja aliiingiza kwenye kompyuta yake, ukatokea mchoro wa siti ya nyuma vipande vipande, kila kipande na namba yake. Tukakionyesha kwa kidole, akanakili namba ya bati na namba ya bolti zake, akaagiza vije na mzigo wake wa Dubai. Bei haikufika nusu ya tairi jipya. Nilipata pia ofa ya kimoja cha mtumba kutoka gari lililokatwa. Sikukataa kwa sababu ni cha mtumba. Nilikataa kwa sababu rangi ilikuwa imepasuka kuzunguka matundu ya bolti, dalili kwamba bati liliwahi kuvutwa.

Mzigo ulipokuwa njiani mtoto alikuwa anapanda gari kila siku, na watu wengi hapa hudhani bila ISOFIX kiti hakina kazi. Si kweli. Kiti chetu kimeruhusiwa na watengenezaji wake kufungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, na ukifungwa sawasawa unalinda vizuri tu. Faida kubwa ya ISOFIX ni kwamba ni vigumu kuikosea, wakati mkanda ni rahisi kuupitisha pasipo pake. Nilipiga goti juu ya kiti, nikakandamiza kwa uzito wangu, nikavuta mkanda hadi hauna pa kwenda. Kisha nikashika kiti pale mkanda unapopita, nikakitikisa kushoto na kulia. Kisicheze zaidi ya sentimita 2 na nusu. Kikicheza zaidi, anza upya. Na usifunge vyote viwili kwa pamoja, mkanda na ISOFIX, eti kuongeza usalama, ila kama kitabu cha kiti kimesema hivyo.

Vipuri vilipofika, kazi ngumu haikuwa bati. Ilikuwa nati. Ndani ya bodi kuna nati iliyochomelewa kiwandani nyuma ya bati, huifikii kwa mkono, na ile bolti ya kulazimisha ilikuwa imeharibu meno yake ya mwanzo. Fundi alipuliza mafuta ya kulegeza kutu, akaiacha. Baadaye akapitisha tepu, kile chuma chenye makali cha kusafishia meno ya nati, milimita 8, kwa mkono, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, anafuta, anarudia. Mashine hakuigusa. Meno mawili ya nje yalikuwa yamekwisha lakini ya ndani yalikuwa mazima, na bolti mpya iliingia kwa vidole hadi karibu na mwisho. Hicho ndicho kipimo chake: bolti ikikataa vidole tangu mwanzo, usiite spana, toa uangalie.

Mtu mwingine angechukua bolti yoyote kwenye kopo la gereji. Kila bolti ina namba kichwani. Iliyoandikwa 8.8 au 10.9 ni ya chuma chenye nguvu, na namba ikipanda nguvu imepanda. Ile tuliyoitoa ilikuwa kichwa kitupu, haina hata alama. Halafu kuna mtego wa bolti za mikanda, ambazo zipo pale pale jirani. Kwenye magari mengi, hata ya Kijapani ambayo kila kitu ni milimita, bolti za mikanda ni za inchi, saba kwa kumi na sita, meno 20 kwa inchi. Ukiiweka ya milimita inayofanana nayo, itashika mizunguko miwili na kukudanganya. Tulikagua zote kwa kuwa siti ilikuwa nje, tukakuta moja ya kibanio imelegea. Fundi aliazima spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa jirani yake, akaikaza kwa nyutonimita 42 kama kitabu cha gari letu kinavyosema, na zile za bati akazikaza kwa kipimo chake.

Mkanda wa juu nao watu wengi wanausahau. Kiti chetu kina kamba inayotoka juu mgongoni na kuishia kwenye ndoano. Kazi yake ni kuzuia kiti kisipinduke kwenda mbele kichwa cha mtoto kikagonga siti ya dereva. Mahali pake kwenye gari letu ni nyuma ya mgongo wa siti, chini ya zulia la buti, na pana alama ndogo ya nanga. Wifi alikuwa ameniambia kwa simu niifunge kwenye ile pete ya sakafu ya buti. Nikampigia picha, tukakubaliana kwamba ile ni ya kufungia mizigo. Ya mizigo haijapimwa kwa kazi hii.

Kabla ya kurudisha siti, nilimwita fundi wa kushona. Alipima, akakata matundu manne kwenye ngozi, akayapindia ukingo ili yasiendelee kuchanika, na sponji akalikwangua kidogo ili lisisukume mikono ya kiti. Siti ikarudi. Tukasukuma kiti cha mtoto, "tak" kulia, "tak" kushoto, kijani mbili. Tukakaza kamba ya juu.

Siku hizi gari likitoka kuoshwa naingiza vidole pale pale, maana vijana wa kuosha hung'oa siti ili wavute mchanga, na huirudisha wanavyojua.

Wifi aliuliza kama tukipata mtoto wa pili tunaweza kumweka katikati, tukitumia chuma cha ndani cha kulia na cha ndani cha kushoto. Nilikwenda na futi nikapima. Kutoka kimoja hadi kingine ni karibu milimita 500, na mikono ya kiti inataka 280. Wa katikati atafungwa kwa mkanda.