Pailoti

Awamu zote tatu za udahili wa chuo kikuu zilipita, jina langu halimo. Nilikuwa na pointi 6 za PCB: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia E. Tatu, mbili, moja. Nilidhani kufikisha sifa ya chini kunatosha, kumbe inakupa ruhusa ya kupanga foleni tu, na waliokuwa mbele yangu kwenye udaktari walishika A na B.

Mama aliuliza swali moja: "Ulikosea wapi?"

"Mtihani ulikuwa mgumu, mama."

Nikajiandikisha kurudia masomo yote matatu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Miezi minne nikakesha na nadharia, mtaani wakinishauri niende zangu ualimu.

Jumamosi moja pale kituo cha tuisheni tulichangishwa hela ya kemikali, tukafanya taitresheni, kupima ni asidi kiasi gani inamaliza alkali. Mara ya kwanza maishani nashika bureti, ule mrija wenye vipimo wa kumiminia asidi, peke yangu. Shuleni tulikuwa wanane kwa bureti moja, na mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri, kazi yangu ilikuwa kujaza jedwali. Sifa ya kijinga kweli.

Nikafungulia asidi mpaka ule upinki wa kwenye alkali ukapotea. Mara ya kwanza, ile inayoitwa pailoti, mililita 25.60. Zilizofuata 24.30, 24.40, 24.30. Nikajumlisha zote nne, nikagawanya: 24.65.

Mwalimu akasimama nyuma yangu. "Binti, pailoti umeijumlisha ya nini?"

Nikanyamaza.

"Pailoti ni ya kukadiria tu, ni kuonja mchuzi. Wewe mchuzi ulioonja jikoni unauhesabu kuwa umekula mchana?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilikuwa mbali, kwenye chumba cha mtihani wa Mei, nikijiona najumlisha vivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri. Nikafuta, nikagawanya zile tatu: 24.33.

Tangu siku hiyo sikukosa Jumamosi hata moja. Fizikia nayo tuliifumua: mteremko wa grafu nilikuwa nauchukua kwenye nukta za jedwali badala ya kwenye mstari wenyewe niliouchora. Mwaka uliofuata Kemia ilikuja B, Fizikia C, na chuo kikaniita.

Lakini jioni ile ya mchuzi nilirudi nyumbani mbiombio, nikamkuta mama anachambua mchele.

"Mama, nimejua nilipokosea. Ni pailoti!"

Akaniangalia kwa muda, ungo mkononi.

"Rubani? Sasa rubani anahusikaje na udaktari, mwanangu?"