Nilivyopata chumba Kireka bila dalali

Kila mtu aliniambia jambo lile lile: bila dalali hupati nyumba Kampala. Shangazi, ambaye mumewe ni askari na wanakaa kota za polisi Nsambya, alinipa namba za madalali watatu siku ya pili tu tangu nishuke basi la Arua. Alinitakia mema. Lakini ushauri ule ulinitoa zaidi ya milioni moja, na bado naumia nikiukumbuka.

Kazi nilikuwa nimeipata Nakawa, kwa hiyo nilitaka chumba kwenye barabara ya Jinja, taksi moja (yale mabasi madogo ya abiria) asubuhi na moja jioni. Chumba kimoja tu, chenye choo na bafu ndani, kisichozidi laki tatu na nusu kwa mwezi.

Dalali wa kwanza alidai elfu thelathini kabla hata hatujaondoka kwenye stendi ya boda, akanipeleka kwenye chumba ambacho nguo za mtu zilikuwa bado zimeanikwa kambani. Wa pili ndiye aliyenimaliza. Alinionyesha chumba chini ya kilima cha Banda, kule bondeni Kinawataka, kwa laki mbili na nusu. Kilikuwa kinanukia rangi mpya. Mbele ya kila mlango palikuwa na kizingiti cha matofali kinachofika karibu na goti, nami nikadhani ni cha kuzuia kuku. Nikalipa miezi mitatu, na mwezi mmoja wa dalali.

Ilikuwa Aprili. Usiku wangu wa tisa pale mvua ilinyesha tangu saa nane hadi alfajiri, na nilipoteremsha mguu kitandani nikakanyaga maji. Yalikuwa yamepita juu ya kizingiti kile. Jirani yangu, mama mmoja mwenye watoto wawili, alikuwa tayari amepandisha vyombo vyake juu ya meza, maana yeye alijua. Ndiye aliyenieleza kwamba mstari wa matope hubaki ukutani kila msimu, na kila msimu unapakwa rangi. Mwenye nyumba hakunirudishia hata shilingi. Kwa hiyo wewe unayetafuta, Kampala ni vilima na mabonde: ukiona kizingiti kirefu mlangoni na rangi mbichi upande wa chini wa ukuta, geuka urudi ulikotoka.

Nikarudi Nsambya na godoro lililolowa. Nikawaza: vyumba vizuri huwa wazi lini? Mwisho wa mwezi, watu wanapohama. Basi tarehe 30 nikaomba ruhusa kazini, nikasimama Kireka, kwenye barabara ile ile ya Jinja, pale stendi tangu saa moja asubuhi, nikitazama magari madogo yaliyopakia godoro, mtungi wa gesi na masufuria. Kila gari lililosimama nililisogelea nikauliza wanatoka wapi. Wawili walinikatalia. Gari la tatu, kijana aliyekuwa akikaza kamba alikuwa Mkongo, tukaelewana kwa Kiswahili mara moja. Akasema, "Dada, panda juu kilimani, lango la bluu nyuma ya kioski cha chapati. Tumetoka sasa hivi, hata hawajafagia."

Nilifika kweli hawajafagia! Mwenye nyumba, bibi mtu mzima ninayemwita Jjajja, alitaka laki nne. Nikamwambia sina dalali wa kumlipa, na yeye pia hana wa kugawana naye, akashuka hadi laki tatu na nusu.

Kabla ya kutoa pesa nilifanya jaribio moja ambalo nawafundisha rafiki zangu wote. Jirani alikuwa amefungulia redio kwa sauti kubwa. Nikamwomba Jjajja ruhusa nizime swichi kubwa ya mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ya chumba changu. Nikazima, nikasikiliza. Redio ikaendelea kuimba. Hapo nikajua umeme nitakaonunua ni wangu peke yangu. Ingenyamaza, ningekuwa nalipia pasi na friji ya mtu mwingine kila wiki. Maji nayo nilifungua bomba saa kumi na mbili jioni, wakati kila mtu anachota.

Mkataba tuliandika kwa mkono, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akagonga muhuri. Ulinifaa mwaka huu, Jjajja alipotaka nilipe laki nne na nusu. Nikamwendea kwa heshima, nikapiga magoti kama desturi ya hapa, nikamweleza kwamba sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inaruhusu kuongeza asilimia 10 tu kwa mwaka. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mjukuu wake apige hesabu kwenye simu. Mwezi uliopita nililipa 385,000, na risiti ninayo.