Kitunguu kinahesabiwa kwa majani

Leo kitalu cha vitunguu kina siku ya tisa. Ukiinama mpaka pua ikaribie udongo, unaona vijani vyembamba kama uzi vimejikunja, kiwiko juu, ncha bado imo ardhini. Kesho au keshokutwa ncha itachomoka na kusimama, imebeba ganda jeusi la mbegu kichwani kama kofia. Mkono unawasha kulitoa hilo ganda. Liache. Likivutwa kabla halijalegea huondoka na ncha ya kijani, na kwa sasa mche hauna kingine cha kutegemea. Jani la kwanza la kweli litatoka siku kadhaa mbele, kwenye tundu dogo ubavuni mwa hicho kijani, karibu na chini.

Mimi majani ndiyo ninayoyahesabu, kuanzia hapa. Ukikata kitunguu katikati, matabaka yale mengi yalikuwa vitako vya majani. Jani moja, tabaka moja. Jani nono huacha tabaka nene, jani lililonyonywa na wadudu huacha tabaka jembamba. Na mmea ukishaanza kutunga, yaani kuvimba chini kuwa kitunguu, huacha kutoa majani mapya, basi: uliyonayo siku hiyo ndiyo utakayovuna. Mche ulioingia kwenye kutunga na majani matano utakupa kitunguu cha kutia kwenye achari. Wenye majani 10 mpaka 13 ndio utakupa kile cha kujaza kiganja.

Kinachouambia mmea uanze kutunga ni urefu wa mchana, joto likisaidia. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12, ukizidi au kupungua ni kwa dakika chache tu, hata Dar es Salaam tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja. Aina za mchana mfupi, kama Red Creole, Bombay Red, Texas Grano na ile Mang'ola Red ya kwetu, zinatosheka na saa hizo. Aina za Ulaya ya kaskazini, Ailsa Craig kwa mfano, zinasubiri mchana wa saa 14 au zaidi, ambao hapa haufiki mpaka kiama. Ndugu akikuletea pakiti nzuri yenye picha kutoka Uingereza, itaota vizuri, itanenepa shingo, itabaki majani tu. Ipike kama majani ya vitunguu, hakuna kilichoharibika isipokuwa matumaini. Kinyume chake pia ni kweli: ukimpelekea ndugu huyo Red Creole akaisia London mwezi wa tatu, mchana utarefuka kabla mche haujapata majani, nao utatunga ukiwa mdogo. Atavuna gololi.

Mbegu ya kitunguu inazeeka upesi kuliko karibu mboga zote. Mwaka mmoja, miwili ukiitunza pakavu, na kwa unyevu wa Pwani hata mwaka hautimii kama pakiti iko wazi. Soma tarehe ya pakiti kabla ya kusoma bei. Halafu ijaribu: mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi, ndani ya sahani iliyofunikwa, siku 7 mpaka 10. Zikiota 16 au zaidi, endelea. Zikiota 10, sia mara mbili ya ulivyokusudia. Zikiota 4, hiyo si mbegu. Kifuko cha gramu 5 kina zaidi ya mbegu elfu moja, kwa hiyo bustani ya nyumbani haikimalizi. Inayobaki itie kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza pamoja na mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, uvute unyevu.

Hesabu ya tuta ni rahisi. Tuta la mita 1 kwa mita 3, ukipanda sentimita 15 mstari hadi mstari na 10 mche hadi mche, linachukua miche 200. Kila kitunguu kikifika gramu 80 hiyo ni kilo 16. Kwa miche 200 sia mbegu kama 300, yaani gramu moja na kidogo.

Kitalu chake hakizidi nusu mita ya mraba. Beseni pana lililotobolewa chini linafaa pia, likiwa na kina cha sentimita 15. Udongo: sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mboji au samadi iliyooza mpaka haina harufu, moja ya mchanga. Siku mbili kabla ya kusia, mwagia maji yanayochemka mpaka yapenye, funika, acha upoe. Hiyo ni kwa ajili ya kinyausi, ugonjwa unaolaza miche, nitakuja nao. Chora vifereji vya kina cha sentimita 1, umbali wa sentimita 10, dondosha mbegu mojamoja kadiri uwezavyo, fukia, tandaza nyasi kavu. Nyasi zitolewe jioni ya siku unayoona viwiko vya kwanza. Ukichelewa siku mbili, miche inarefuka kutafuta mwanga na kulala.

Mwezi wa nne huu masika yako juu, na matone makubwa yanafukua mbegu, kwa hiyo kitalu kina paa la nailoni nyeupe kimo cha goti, pembeni wazi. Kusia sasa kuna maana yake: miche itahamia mwanzoni mwa Juni mvua zimekatika, itakula ubaridi wa Juni na Julai, itakauka Septemba kabla ya vuli. Kitunguu kinachokomaa mvua inanyesha hakikauki shingo.

Kinyausi ni kuvu wa udongoni. Asubuhi unakuta miche imelala kwa duara, majani bado ya kijani, lakini pale shina linapogusa udongo pamesinyaa kama pamefungwa uzi. Chanzo karibu kila mara ni mkono wa mwagiliaji: maji ya jioni yanayolala juu usiku kucha, mbegu zilizorundikana, samadi mbichi. Duara likitokea, toa miche iliyolala pamoja na udongo wake, acha kumwagilia siku moja au mbili, nyunyiza mchanga mkavu kati ya mistari. Iliyolala haiamki, usiipotezee muda. Maji ni asubuhi, kwa chupa iliyotobolewa matundu madogo kwenye kifuniko, mpaka kidole kikute unyevu wa pingili moja.

Wiki ya sita mpaka ya nane mche una majani matatu au manne na unene wa penseli. Huo ndio wakati wa kuuhamishia tutani. Chini ya hapo unakufa juani. Ukizidi, mzizi umesukana na jirani na unapoteza wiki mbili kupona, na wiki mbili ni jani zima au mawili. Hapa kuna desturi ya kukata theluthi ya majani kabla ya kupandikiza. Kwa miche iliyosafirishwa kwenye gunia kutwa nzima ninaielewa. Kwa mche unaotoka beseni kwenda tuta la hatua tatu pembeni, jioni, udongo ukiwa umelowa, sioni sababu ya kukata chakula chake. Mizizi ndiyo ipunguzwe kidogo ikiwa mirefu, isije ikapinda kuelekea juu shimoni.

Kina ni sentimita 2 mpaka 3. Ukiuzika zaidi, tunguu linabanwa na kurefuka kama chupa. Nafasi usiipanue kwa huruma pia, maana kitunguu chenye uwanja mpana, kikipata maji ya leo mafuriko kesho ukame, kinagawanyika na kuwa pacha.

Tuta lilishwe mapema. Ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza kwa kila mita 2 za mraba kabla ya kupanda. Anayetumia mbolea ya dukani, gramu 20 za DAP kwa mita ya mraba wakati wa kupanda, kisha CAN, ile ya naitrojeni, gramu 20 wiki ya tatu na tena wiki ya sita, isiguse majani. Baada ya hapo basi. Ukiona shingo imeanza kuvimba chini kisha ukaongeza naitrojeni, unapata shingo nene iliyojaa maji, na kitunguu cha shingo nene kinaoza ghalani kuanzia juu. Magugu ni kwa mkono: mizizi ya kitunguu iko juujuu na jembe haliijui.

Kinachoiba majani Julai na Agosti ni vithiripi. Fungua pale jani la ndani linapoachana na la nje utawaona, vidudu vya njano vyembamba kama kipande cha uzi, vikikimbilia gizani. Alama yao ni michirizi ya rangi ya fedha. Kumi kwa mche si msiba, ila wakishavuka hapo piga maji kwa nguvu katikati ya majani, au maji lita moja na kijiko cha chai cha sabuni ya maji, asubuhi mapema, kila baada ya siku tano. Wakiachwa hufungua mlango wa baka zambarau: doa jeupe, kisha la zambarau lenye ukingo wa njano, kisha jani linavunjika hapohapo. Ugonjwa huo unapenda jani lililolala na maji, kwa hiyo ukiuona, maji yaende chini tu, si juu.

Majani ya nusu ya tuta yakishaanguka yenyewe, kata maji. Usiyakanyage ili yaanguke. Shingo iliyovunjwa kwa mguu haijafunga. Siku 10 baadaye ng'oa, tandaza kivulini penye upepo kwa wiki moja, ndipo ukate ukiacha shingo ya sentimita 2 au 3. Minya kila shingo kwa vidole viwili. Iliyokauka ikafanya mlio wa karatasi inaingia kwenye wavu na kuning'inizwa. Red Creole hapo inakaa miezi miwili, mitatu, Texas Grano usiitegemee zaidi ya mwezi. Iliyo laini inakwenda jikoni, kachumbari ya wiki hiyohiyo.