Usiku Bibi alivyosema "bang"

Nimetoka shifti saa moja asubuhi hii, sijalala bado, na najua nikishaweka kichwa kwenye mto haya yote yatanitoka kwa hiyo wacha niandike kwanza.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku magharibi mwa Michigan, siyo mbali na Grand Rapids, shifti ya usiku, mwaka wa sita huu. Wazee ninaowahudumia wengi majina yao yanaanza na Van, De, Vander, ni watoto na wajukuu wa Waholanzi. Kuna bibi mmoja, jina lake naliacha, ugonjwa wa kusahau umemshika sana. Kiingereza chake kinapungua kila mwezi na kinachorudi ni Kiholanzi cha utotoni, hasa usiku.

Jana mvua ilinyesha, ile ya baridi inayopiga dirisha, nikaingia nikamkuta amekaa kitandani, ameshika reli kwa mikono miwili mpaka vidole vimekuwa vyeupe, anasema ik ben bang, ik ben bang. Binti yake, mtu mzima wa miaka sitini hivi, alikuwa amelala kwenye kiti pembeni, akashtuka akaniuliza amejigonga wapi, maana kwa Kiingereza bang ni mlio wa kitu kilichogonga. Nikamwambia hajajigonga popote, anasema anaogopa.

Akanitazama. Umejuaje? Nikatoa kidaftari changu mfukoni nikamwonyesha, maana mimi maneno ya Bibi nayaandika jinsi nayasikia, halafu wakati wa mapumziko nayatafuta kwenye simu. Koud, baridi. Dorst, kiu. Naar huis, kwenda nyumbani, hilo analisema kila siku. Yule binti akausoma ukurasa mzima huku machozi yanamtoka. Mama yake amemzaa, amemlea, na mimi niliyetokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ndiyo namtafsiria mama yake, jamani.

Akanieleza kwamba Bibi alitoka mkoa wa Zeeland, kule Uholanzi, usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilipovunja kingo. Watu 1,836 walikufa kwa Uholanzi peke yake. Yeye alikuwa msichana mdogo, walikaa juu ya paa mpaka mtumbwi ulipokuja, basi mpaka leo mvua ya usiku ikipiga anarudi palepale juu ya paa. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kupokea wakimbizi na Waholanzi wakatengewa nafasi ndani yake, familia yake wakaja kwa njia hiyo. Kwenye makaratasi mimi na yeye tulikuja kwa neno moja, mkimbizi. Na alipofika huku aliishia kwenye mji unaoitwa Zeeland vilevile, yani alitoka Zeeland akafika Zeeland.

Ule mji ulianzishwa na waliotangulia, 1847. Hiyo habari naipenda na inaniuma kwa pamoja. Mchungaji mmoja, Albertus van Raalte, alikuwa kwenye kundi lililojitenga na kanisa la serikali kule kwao, wakawa wanasumbuliwa, wanatozwa faini, halafu viazi vikaoza mashambani 1845 na 1846 na watu wakaanza kulala njaa. Akawaleta kwa meli, akachagua pori la karibu na Ziwa Michigan, mji wao wakauita Holland, jirani na Zeeland. Hawakuwa wamezoea misitu kabisa, nchi yao tambarare, kukata mti mkubwa ilikuwa wajifunze wakiwa tayari wamefika na baridi ipo. Kiangazi cha kwanza malaria ikawapiga, ndiyo malaria hiihii yetu, na kuhara, na ndui, watu wakafa mpaka watoto yatima wakawa wengi. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo wa 1847 meli ya Phoenix ikaungua ziwani ikiwa imebeba wahamiaji Waholanzi, wamevuka bahari nzima salama wakafia ziwani, karibu wafike. Sisi wa Ziwa Tanganyika tunajua kifo cha namna hiyo.

Na lazima niseme na hili, kwa sababu huku wanapolisimulia huwa wanalipita haraka. Pori halikuwa tupu. Wa-Odawa, wenyeji wa asili, walikuwa wanaishi pale, walikuwa na mashamba yao na misheni yao, na 1849 wakapanda mitumbwi wakahamia kaskazini, wakaacha makaburi ya wazee wao nyuma. Ukimbizi wa mmoja ulizaa uhamisho wa mwingine. Nikifikiria kwetu Fizi, kule Kongo, siwezi kuliruka hilo.

Lakini kilichoninyima usingizi leo ni lugha. Hawa watu walikuja na lugha kamili, walikuwa na magazeti, ibada, shule. Jarida la kanisa lao moja, De Wachter, lilianza 1868 likatoka kwa Kiholanzi zaidi ya miaka mia, likafungwa 1985. Vita vya kwanza vya dunia viliwabana sana, kule jimbo la Iowa ambako kulikuwa na Waholanzi wa mji wa Pella, gavana alitoa amri 1918 watu wasiongee lugha ya kigeni hadharani, kanisani, shuleni, hata kwenye simu. Ila huku kwa Bibi hakuna aliyemlazimisha. Binti yake aliniambia, mama alitaka tusome vizuri, hakutaka tuchekwe, basi nyumbani akaongea Kiingereza tu. Kwa upendo kabisa. Hapo ndipo nilipokosa la kusema, kwa sababu mimi na mwanangu nafanya hivyohivyo.

Kilichobaki ni majina, na tulipu kila mwezi wa tano, na peremende. Kanisa letu la Kiswahili tunasali mchana kwenye jengo lao, na wazee wao wachache huwa wanabaki kukaa na sisi. Mahubiri yakianza utasikia karatasi inakwaruza, mzee anatoa peremende nyeupe, anampa wa pembeni yake, huyo naye anapitisha. Tabia hiyo walikuja nayo. Siku hizi watoto wetu wanajua wakae benchi gani.

Nimefika nyumbani nikamwamsha mtoto aende shule, ana miaka saba, alizaliwa hukuhuku. Nikamuuliza wakati anavaa viatu, njaa ni nini? Akajibu kwa Kiingereza, sawasawa. Baridi? Akajua. Naogopa? Akajua, akanishangaa kwa nini namuuliza. Kiu? Akanyamaza. Akarudia, kiu... halafu akatikisa kichwa. Nikamtilia maji kwenye kikombe nikampa, akanywa yote, basi la shule likapiga honi akakimbia.

Nimefungua kidaftari kilekile cha Bibi, upande wa nyuma, ukurasa wa mwisho. Neno la kwanza nimeandika kiu.