Sekunde Moja Kule Alabama

Mwanangu wa mwisho kafukua picha kwenye simu yangu ya zamani. "Baba, mbona hapa umejiviringisha toileti pepa? Ulikuwa umelewa?" Mama yake kasikia akiwa jikoni, kacheka tu, wala hakunitetea.

Sikuwa nimelewa. Ilikuwa usiku wa tarehe 30 Novemba 2013, kwenye kona ya Toomer's mjini Auburn, jimbo la Alabama, Marekani, nilikokuwa nasoma. Pale, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, ikishinda, mji mzima hutoka kurusha toileti pepa kwenye miti mpaka kona yote inakuwa nyeupe. Mwaka ule hata miti yenyewe haikuwepo. Shabiki mmoja wa Chuo Kikuu cha Alabama, mtani wetu wa jadi, alikuwa ameitia sumu ile mialoni mikongwe, ikabidi ikatwe Aprili. Zikatundikwa nyaya ili watu wapate pa kurushia. Mnaodhani Simba na Yanga wamevuka mipaka, hamjaishi Alabama.

Msimu wenyewe nitaupitia haraka. Mwaka 2012 tulishinda mechi 3 kati ya 12, na mtani akatufunga 49–0. Kocha akafukuzwa, akaja Gus Malzahn, na ghafla vijana walewale wakawa hawashikiki. Hadi kufikia Novemba tulikuwa tumepoteza mechi moja tu, dhidi ya chuo cha LSU. Wiki mbili kabla ya kukutana na mtani tulicheza na chuo cha Georgia. Dakika ya mwisho mrushaji wetu, Nick Marshall, akarusha mpira mrefu, mabeki wawili wa Georgia wakaugombania wenyewe kwa wenyewe, ukawaruka na kuangukia mikononi mwa Ricardo Louis wetu. 43–38. Watu wakaanza kuongea mambo ya Mungu.

Siku ya mtani, profesa wangu alikuwa safarini, akaniachia tiketi yake. Kwa hiyo sikukaa na wanafunzi wenzangu. Nilikaa na wazee wa tiketi za msimu, watu wenye mito yao ya kukalia. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kizungu, kofia ya rangi ya chungwa, kiredio kidogo mfukoni na waya wake sikio moja. Nilimwamkia, akaitikia kwa kidevu. Katikati yetu akaweka blanketi lililokunjwa. Sikujua kama ni mpaka au ni blanketi tu, na kule Alabama unajifunza kutouliza. Yeye na rafiki yake wa mstari wa nyuma walikuwa wakipokezana mfuko wa karanga za kuchemsha mechi nzima. Harufu yake ilikuwa ile ile ya stendi ya Msamvu, na mimi hazikunifikia.

Alabama walikuwa namba moja, hawajapoteza mechi, mabingwa wa miaka miwili mfululizo. Zikiwa zimebaki sekunde 32 tukasawazisha, ngoma droo 28–28. Wao wakapata mbio moja ya mwisho, mchezaji wao akatoka nje ya mstari, saa ikasoma sifuri. Tukajiandaa kwa muda wa nyongeza. Lakini kocha wao, Nick Saban, akang'ang'ania kuwa kulikuwa na sekunde moja imebaki. Waamuzi wakaangalia video, wakamrudishia sekunde yake.

"Sekunde moja ya kufanyia nini?" mzee akasema. Hakusema na mimi, alisema na redio.

Wakaamua kupiga golini, yaani kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti, kutoka yadi 57. Mpigaji wao wa siku zote alikuwa keshachemsha mara tatu, hivyo akaitwa kijana mwingine, Adam Griffith. Chini ya milingoti yetu akasimama Chris Davis wetu peke yake. Mpira ukapaa vizuri, halafu nikauona unaishiwa nguvu. Davis akaudaka karibu kabisa na mstari wa mwisho wa uwanja.

Mimi nikadhani kazi imeisha. Mzee ndiye aliyejua kuwa mpira ule bado uko hai, na Davis anaweza kukimbia nao. Vidole vyake vilinikamata juu ya kiwiko, vigumu, vina chumvi ya karanga, na akaanza kusema "kimbia, kimbia", kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na mjukuu wake. Davis akakata kushoto, akafuata mstari wa pembeni. Hapo ndipo nilipoona kwa nini inawezekana. Kikosi kinachotoka kwa ajili ya teke kama lile ni cha majitu ya kuzuia, wanaume wa kilo mia na ushee, na sasa walitakiwa kumkimbiza mtu mwepesi. Mkono wa mzee ulizidi kukaza. Uwanja wa watu zaidi ya elfu themanini na saba ulikuwa unapiga kelele, ila nakumbuka zaidi ile "kimbia" ya chinichini. Davis alipovuka mstari wa goli la Alabama, mzee akanigeukia, akanikumbatia kwa mikono yote miwili, akalia shingoni kwangu. Waya wa redio ulinizunguka sikio. 34–28.

Siku chache baadaye nikamwona dukani kwenye nyanya. Nikamwamkia. Akaniitikia kwa kidevu, kwa adabu, akaendelea kuchagua nyanya zake.

Tukawapiga Missouri 59–42, tukachukua ubingwa wa kanda. Tarehe 6 Januari kule Pasadena, kwenye fainali ya taifa, Florida State wakatufunga 34–31, zikiwa zimebaki sekunde 13. Niliangalia gheto na Mkenya niliyekuwa naishi naye, na kwa machungu ya usiku ule nikamsimulia habari ya mzee.

"Alikukumbatia juu ulikuwa karibu, bana. Usijipe story."

Nikamwambia rafiki yake wa karanga alikuwa nyuma yake, karibu vilevile. Mbona hakumgeukia yeye?

"Wazee shingo zao ni ngumu."

Hatujakubaliana hadi leo. Yeye yuko Nakuru siku hizi. Kila ikifika tarehe 30 Novemba ananitumia klipu ileile, sauti ya marehemu Rod Bramblett, mtangazaji wa mechi zetu, ikipasuka redioni, na chini yake anaandika neno moja tu: shingo.